Sarara ya Jamaa wa Bendi

Mume wangu alikuwa mpiga ngoma kubwa katika bendi ya polisi, ile ngoma ya kubebwa tumboni mpaka mbebaji haoni miguu yake. Nayasema haya mwanzo kwa sababu watu wakisikia polisi wanafikiria pingu na kirungu, na yeye mpaka anastaafu hakuwahi kumpiga mtu. Alipiga ngozi ya ng'ombe, ndivyo anavyosema mwenyewe, na ng'ombe ameshakufa, hana wa kumshtaki.

Yeye ni mtu wa kaskazini, kule ng'ambo ya Nile, Mkatoliki wa misa ya kwanza. Mimi ni wa ukoo wa Waislamu wafanyabiashara. Babu wa babu yangu alitoka pwani na mizigo ya nguo, akafika Buganda, akaoa, akasahau kurudi. Kwa hiyo nyumbani kwetu tunasema Kiswahili, si kwa kujidai. Lugha ya kwao inanishinda, na Kiganda chake wanawake wa soko la Nateete wakikisikia wanaweka ndizi chini wapate kucheka vizuri. Ananiita Hajati ingawa Makka sijafika, hata ndege naiona ikipita juu ya paa tu. Mimi namwita Afande. Tumezoea hivyo, na watoto wetu walipokuwa wadogo walidhani ndiyo majina tuliyopewa na wazazi.

Sasa nije kwenye meno, maana habari yenyewe ni ya meno. Meno ya mbele Afande anayo, tena mazuri, akicheka unaweza kusema ni kijana. Magego ndiyo yaliyoondoka. Liling'oka moja, likafuata jingine, na kila mara alisema hilo ndilo la mwisho, lililobaki ni zima. Hayakuwa mazima. Sasa mtu asiye na magego anauma vizuri, lakini kusaga hawezi, chakula kinazunguka mdomoni kama nguo kwenye beseni. Mimi nilijua anasumbuka, ila sikujua kiasi gani, mpaka siku moja nafua suruali yake aliyovaa harusini nikakuta leso mfukoni, na ndani ya leso vipande vya nyama vilivyotafunwa, vimekauka. Nilikaa pale kwenye karai nikavitazama. Mtu mzima, amekaa meza ya mbele na wakwe wa watu, anatema nyama kwenye leso kama mtoto anayeficha dawa. Nilifua leso, nikaipiga pasi, nikairudisha.

Baada ya hapo akaanza kukataa mialiko. Harusi, mgongo unamuuma. Ubatizo, ana malaria. Na malaria hiyo ilikuwa ya ajabu, inampata Jumamosi asubuhi, Jumamosi jioni imepona anasikiliza mpira redioni.

Lakini kuna mwaliko mmoja ambao huwezi kuukwepa kwa malaria, na huo ndio ulionifanya niandike. Wale aliopiga nao bendi wana desturi yao. Waliobaki hapa mjini ni wanne tu pamoja na yeye, na wanakula pamoja kwa zamu, sikukuu hii kwa huyu, sikukuu ijayo kwa yule. Chakula lazima kiwe nyama ya ng'ombe, kwa sababu zamani baada ya gwaride kubwa bendi ilipewa mguu mzima wa ng'ombe wagawane. Na mwenye nyumba ndiye anayeanza. Anachukua kipande cha pembeni, cha ncha, anakitia mdomoni mbele ya wenzake, anatafuna, anameza, halafu ndipo mikono ya wengine inashuka kwenye sahani. Hii ilianza kambini. Mpishi mmoja aliwapikia nyama iliyolala, bendi nzima ikaharisha siku ya kupiga mbele ya wageni wa serikali, na mkubwa wao akatoa amri kwamba tangu leo anayeleta chungu ndiye anakula kwanza. Mkubwa huyo alishafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, lakini amri yake iko hai kuliko sisi wote. Nimeona mwenyewe, mwenye nyumba akichelewa kutafuna wanamtazama mdomo kama wanasoma saa.

Zamu ikafika kwetu.

Afande alikaa barazani siku hiyo akichezea kofia yake, akasema, "Hajati, mimi nitawaambia hapana. Nitasema nyumba inapakwa rangi."

"Rangi gani? Wataiona?"

"Nitasema pesa ya rangi iliisha."

"Na zamu inayokuja?"

Akaigeuza kofia ndani nje. Nikaelewa kwamba hakuna zamu inayokuja, anataka kutoka. Mtu akikataa zamu yake amejitoa, ndivyo walivyokubaliana. Na nje ya wale watatu Afande hana mtu. Mimi nina wenzangu wa msikitini, nina binti yetu, nina majirani wa kugombana nao. Yeye ana wale watu watatu waliopiga naye nyimbo zile zile jua kali na mvua. Akiwakosa atakaa pale barazani na kofia mpaka siku ya kuzikwa.

Nikamwambia, "Waalike. Nyama niachie mimi."

"Usisage. Ukileta nyama ya kusaga wa tarumbeta atauliza mgonjwa ni nani."

Huyo wa tarumbeta anakaa Kamwokya, ana mdomo mrefu kuliko chombo chake. Ni mtu mzuri, mke wake alikuwa rafiki yangu kabla hajafa, lakini akipata la kukutania analila mpaka mfupa. Wa filimbi na wa matoazi ni wapole. Wa tarumbeta ndiye aliyekuwa anamtisha Afande.

Nikaenda buchani. Nimekuwa nikinunua nyama miaka yote hii, lakini kama watu wengi hapa, nanunua iliyochanganywa. Unasimama, unasema kilo, yule kijana anakata hapa mnofu, pale mfupa, anatupia na kipande cha utumbo cha kujazia, unalalamika, anaongeza kidogo, mnaachana vizuri. Nyama hiyo naiweka kwenye sufuria asubuhi na inaiva wakati inaotaka yenyewe. Ng'ombe wetu wametembea sana, misuli yao kama kamba za kufungia hema.

Nikamwambia yule wa bucha, "Leo nataka nyama laini kabisa."

"Jaja," akasema, ndivyo wanavyomwita bibi hapa, "nyama yangu yote laini."

"Mwanangu, nimekula nyama yako tangu hujaanza kunyoa ndevu. Nataka ya mtu asiye na meno."

Akanitazama mdomoni. Nikamwacha atazame. Akapanda kistuli, akaingiza kisu ndani ya ule ubavu uliokuwa unaning'inia, chini ya mgongo kwa ndani, akawa kama anavua soksi, akatoa mnofu mmoja mrefu, mnene huku mwembamba kule, mwekundu uliokolea, hauna mfupa wala mshipa. Sikuwahi kuuona. Yaani nimefikia umri huu nikiwa sijajua ng'ombe ana kitu hicho.

"Hii fileti," akasema. "Wahindi na mahoteli wanachukua asubuhi, leo wamechelewa. Hii nyama hapana fanya kazi, jaja. Mguu unatembea, shingo inavuta, mgongo unabeba. Hii inalala tu ndani, inasikiliza wenzake."

Nikakumbuka kwamba mama yangu alikuwa na neno lake, sarara. Alikuwa akisema sarara ni nyama ya wagonjwa na ya mabwana, nami nilidhani ni maneno tu ya wakubwa, kwa sababu mezani kwetu haikufika. Nikaibonyeza kwa kidole. Ilibonyea kama shavu la mtoto. Wallahi nilitaka kumwambia kila mtu pale foleni. Nikaileta nyumbani kwa bodaboda nimeikumbatia, dereva akauliza mama umebeba nini, nikasema ngoma mpya ya mzee wangu, akacheka ingawa hakuelewa, na mimi sikujali.

Binti yetu anauza mashuka Nakawa. Nilimpigia simu nikamweleza. Yeye ndiye aliyetuletea lile jiko la gesi lenye oveni, Idd moja, na mimi oveni yenyewe nilikuwa nimeifanya kabati. Humo nilitunza sufuria, chujio, na maharagwe ya akiba, kwa sababu panya hafiki. Akaniambia, "Mama, usiichemshe. Usiikate. Inachomwa nzima kwenye oveni, dakika chache tu. Kesho nakuja mapema tuifanye pamoja. Wewe weka chumvi basi."

"Bila kuchemsha?"

"Bila kuchemsha, mama."

"Nyama ya ng'ombe?"

"Mama, chumvi basi. Usiiguse."

Nikasema sawa. Na hapa ndipo utajua mimi ni mtoto wa kambi kwa kuolewa na wa pwani kwa ukoo, na kote kuwili nilifundishwa jambo moja, kwamba nyama ya ng'ombe haiwi laini kwa kuiomba. Pwani wanatia papai bichi. Kambini tulikuwa hatuna friji, hatuna gesi, lakini nyuma ya kila nyumba kulikuwa na mpapai, si kwa ajili ya kula, kwa ajili ya nyama. Unakwangua papai bichi na maganda yake, unapaka, unaacha. Nyama iliyomshinda mbwa inalegea. Sasa mimi nimekaa na kile kipande, kesho Afande anakitafuna mbele ya wa tarumbeta, halafu mtoto wa juzi ananiambia dakika chache na chumvi. Nikatazama nje, papai liko mtini, bichi, linanitazama. Nikasema kidogo tu. Nikalikwangua lote. Nikaipaka sarara pande zote kama mama anayempaka mtoto mafuta, nikaifunika, nikaiweka kwenye friji, nikalala na raha kabisa.

Asubuhi binti yetu akafika, hata kiatu hajavua, akafungua friji. Akafunua. Halafu akaita, taratibu, "Mama."

Nikaja. Akagusa nyama kwa kidole, na kidole kikaingia. Nyama haikubonyea, kidole kiliingia. Alipokitoa kilikuwa na kitu cha kijivu kama uji wa mtama. Ile nyama nzuri nje yote ilikuwa imeyeyuka. Huku kwembamba kulikuwa kumekuwa matope, ukiinua kunabaki sahanini.

"Nilikuambia chumvi."

"Niliweka na chumvi."

"Mama, hii ilikuwa laini tangu mwanzo. Umempa dawa ya usingizi mtu aliyelala."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Sarara nyingine haikuwepo, yule wa bucha alishasema wenye mahoteli ndio wanaondoka nazo, na nilipompigia alisema za leo zimekwenda kabla jua halijatoka, nijaribu siku nyingine. Siku nyingine. Wageni walikuwa wanakuja jioni ile. Na Afande alikuwa barazani tayari, amevaa shati lililopigwa pasi tangu asubuhi, anapiga vidole vyake kwenye mkono wa kiti, tum, tum-tum, ngoma ya kukaribisha. Sikuwa nimemsikia akipiga hivyo kwa muda mrefu. Ningemwambiaje?

Binti yetu akasema, "Lete kisu kikali. Papai haliwezi kufika katikati."

Hapo ndipo nikafurahi naye, maana nilifikiri atanikasirikia siku nzima. Tukaosha nyama kwa maji baridi mpaka ule utelezi ukaondoka, tukaikausha kwa kitambaa safi. Halafu akaanza kuchonga, tabaka nyembamba nyembamba, mimi nimeshika upande wa pili, na kila tabaka ikitoka tunagusa, bado ni uji, anachonga tena. Nilikuwa naona sarara yangu inapungua nikasema moyoni itaisha tubaki na kisu. Ghafla kisu kikakutana na kitu. Akanitazama. Chini ya pale nyama ilikuwa nyekundu, imekaza, inarudi ukiibonyeza. Ilikuwa imebaki kama mkono wa mtu kutoka kiwiko mpaka kifundo, lakini ilikuwepo. Nilimkumbatia binti yangu na mikono yenye nyama, akalalamika juu ya gauni lake.

Makombo sikutupa, mimi si mtu wa kutupa. Niliyakaanga na kitunguu, nyanya na bizari nyembamba kidogo, ule uji ukageuka mchuzi mzito kama wa karanga. Huo nikauweka pembeni wa kumwagia juu.

Basi tukatoa sufuria zangu kwenye oveni, chujio, maharagwe, na kadi ya kliniki niliyoitafuta mwaka mzima. Tukawasha gesi. Oveni ikapata moto, ikatoa harufu ya vumbi, kisha ikatulia. Kwenye sigiri ya makaa nje nilikuwa na kikaango cha chuma, mafuta yanafuka moshi. Nyama tumeipaka chumvi na pilipili manga, na hiyo chumvi niliimwaga nikiwa nasimamiwa kama mfungwa. Tukaiweka kwenye kikaango. Ilipiga kelele ile ya mvua ya ghafla kwenye mabati, harufu ikapanda, na jirani wa upande wa juu akachungulia ukutani akauliza kuna nini leo. Nikamwambia leo kuna bendi. Tukaigeuza kila upande mpaka ikavaa ngozi ya kahawia. Tukaifunga kwa kamba ya mgomba niliyoiloweka, mizunguko ya kutosha, isisambae, ikae mviringo. Nilijiona kama siku ile bendi ilipiga uwanjani nami nikiwa na mimba kubwa, nimesimama juani kumwona mume wangu tu, na alipopita akaongeza pigo moja lisilo kwenye wimbo, kwa ajili yangu. Aliadhibiwa kwa pigo lile. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Nyama ikaingia ndani. Pilau yangu ilikuwa tayari imefunikwa, matooke, ndizi zetu za kupika, yamefungwa kwenye majani, chapati ziko kwenye kitambaa. Wageni wakaanza kufika. Wa filimbi, wa matoazi, na mwisho bodaboda ya kutoka Kamwokya ikasimama langoni na sauti ikaingia kabla ya mwili.

"Afande, nasikia unapaka nyumba rangi. Iko wapi rangi?"

"Ilikwisha," nikamsikia Afande akisema. Kumbe alikuwa ameshaanza kuwaambia uongo wake kabla sijamzuia.

"Na malaria?"

"Imepona."

"Inshallah haitarudi kabla ya kula."

Wakacheka. Afande akacheka na meno yake ya mbele. Mimi jikoni nikafungua oveni, nikachukua spoku ya baiskeli niliyoichemsha, ile wanayochomekea nyama ya muchomo juu ya makaa, nikachoma katikati. Kilichotoka kilikuwa chekundu.

"Damu," nikasema. "Siweki damu mezani. Dini yangu hairuhusu, na wa tarumbeta hataruhusu pia, kwa sababu zake."

Binti akasema, "Si damu, ni maji ya nyama. Mama, ukiiacha mpaka ikauke itakuwa ngumu kama ile ya kila siku, na baba..." Hakumaliza. Tulikuwa hatujawahi kusema jambo hilo kwa mdomo, mimi na yeye. Kumbe na yeye aliiona leso siku moja.

Hapo nikasimama na spoku yangu. Nikiitoa mapema, wageni watasema nimewalisha mbichi. Nikiichelewesha, Afande atatafuna mpaka kesho. Nikafunga mlango wa oveni, nikahesabu kwa kusoma Fatiha polepole, nikafungua, nikachoma. Waridi. Nikasoma tena. Nikachoma. Yakatoka maji mepesi, yana rangi ya mbali kama maji uliyosuuzia rozela mara ya pili. "Sasa," nikasema, na binti yangu kwa wakati huo huo akasema, "Sasa." Tukaitoa.

Akataka tuiache ipumzike imefunikwa. Barazani wa tarumbeta alikuwa anauliza kama nyama imerudi kijijini. Afande akaja mlangoni, akajifanya anatafuta maji ya kunywa, uso umemkauka.

"Hajati. Iko sawa?"

"Nenda kakae."

"Ni laini?"

"Afande, nenda kakae."

Akaenda. Nikaikata. Kisu kiliingia bila kusukumwa, vipande vikalala kimoja juu ya kingine, kahawia pembeni, katikati rangi ya waridi lililofifia, na mvuke. Nikapanga kwenye sinia, mchuzi pembeni, ncha nikaiweka mbele upande wa mwenye nyumba kama amri inavyotaka. Na ile ncha ndiyo iliyonitia hofu, kwa sababu ndiyo iliyopata moto zaidi, ngozi yake imekaza. Ningeweza kuificha chini. Lakini wa tarumbeta angeiona hata angekuwa amefumba macho.

Tukapeleka. Tukasimama mlangoni, mimi na binti, pazia mkononi.

Wakasali, kila mtu kwa namna yake. Wa tarumbeta akainua kidole, akaonyesha ncha. "Mwenye chungu."

Afande akaichukua. Aliitazama kama mtu anayetazama mto kabla ya kuvuka. Akaitia mdomoni. Nikaona ameuma kwa meno ya mbele, akasogeza shavuni, akasimama. Nikamwona akitafuta pale ambapo magego yalikuwa. Wote watatu wanamtazama mdomo. Taya likaenda mara moja. Likaenda tena. Macho yake yakabadilika, sijui niseme vipi, yalikuwa kama yamesikia kitu. Nyama ilikuwa inaachia. Inaachia yenyewe kwenye ufizi, bila kusagwa. Akatafuna kwa haraka kidogo, kisha akapunguza, akawa anatafuna taratibu, kwa starehe, anaitembeza huku na huku, na sisi mlangoni tunatafuna naye bila kitu mdomoni. Akameza. Koo likapanda likashuka, kila mtu akaliona.

Halafu, kabla mkono wa mtu mwingine haujashuka, akachukua kipande cha pili.

"Afande," wa tarumbeta akasema, "amri ni kipande kimoja."

"Nahakikisha."

"Umeshahakikisha. Hujafa."

"Sumu nyingine inachelewa," Afande akasema, amejaza mdomo. Mchuzi ulikuwa kwenye ndevu.

Wakala. Wa filimbi alikula bila kuinua kichwa mpaka sinia likawa jeupe. Wa matoazi alifuta mchuzi kwa chapati, akauliza umetiwa nini, nikasema karanga, Mungu anisamehe. Hakuna aliyesema mbichi. Hakuna aliyeuliza mgonjwa ni nani.

Nilirudi jikoni na binti yangu tukacheka kwa kuziba midomo, tukakaa chini kwenye sakafu na miguu imenyooka, tukala vinyama vilivyoshikana na ile kamba ya mgomba. Ndipo wa tarumbeta akaingia, ameshika sahani yake kama anataka kuosha. Yeye hajawahi kuosha sahani. Akatazama nyuma, akashusha sauti, na sauti yake ikishushwa huwezi kuijua ni ya nani.

"Shemeji. Zamu inayokuja ni yangu. Hii nyama inaitwaje?"

"Kwa nini?"

Akatazama tena nyuma. Kisha akafungua mdomo akavuta shavu kwa kidole, akageukia taa. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu. Upande wa kulia kulikuwa na gego moja la mwisho, lina lawama zake. "Tarumbeta nilipigia midomo," akasema. "Watu wanadhani ninayo yote. Tangu mke wangu aondoke hakuna wa kunipikia ikalegea. Zamu iliyopita nilikula kwa wa matoazi, nikameza nyama nzima nzima, nikaumwa tumbo wiki."

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, bucha, jina, saa ya kwenda. Sikulitoa. Nilifuta mikono nikamwambia, "Mimi sijui haya mambo ya nyama. Afande ndiye anayejua. Kamuulize."

"Atanicheka."

"Muulize."

Akatoka. Tuliwasikia barazani, kwanza maneno ya chini, kisha kicheko cha Afande, si cha kumcheka mtu, kile cha tumboni ambacho nilikuwa nimesahau kinavyotikisa kiti. Halafu akaanza kueleza. Alieleza kama mtu aliyezaliwa buchani. Mguu unatembea, shingo inavuta, hii inalala ndani inasikiliza wenzake. Sijui aliyasikia wapi, labda nilikuwa nayasema usingizini.

"Sasa nitaipataje?" wa tarumbeta akauliza.

"Wewe ukienda peke yako utapewa mifupa," Afande akasema. "Utakuja hapa alfajiri. Nitakupeleka mwenyewe."